Shangazi, naogopa kumuuliza daktari amewahi kufanya upasuaji huu mara ngapi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 43, nina mume na watoto wawili. Kazi yangu ni ukalimani wa lugha ya alama. Nasimama kati ya viziwi na wanaosikia, mahakamani, hospitalini na kwenye mikutano ya wazazi shuleni, nikiyavusha maneno ya upande mmoja kwenda wa pili. Nakutajia kazi yangu mapema kwa sababu nadhani ndiyo imebeba hofu yangu yote, ingawa sijamwambia mtu hivyo.

Ilianza na simu. Nikiiweka sikio la kushoto nasikia mtu anaongea, lakini maneno hayashikiki, kama anasemea ndani ya mtungi. Nikiihamishia kulia, kila kitu safi. Nikaambiwa ni nta, ikasafishwa. Nikaambiwa ni maambukizi, nikapewa dawa. Ukaja mlio mwembamba, usiku na mchana. Baadaye nikaanza kuyumba nikitembea gizani, na miezi hii ya karibuni shavu la kushoto lina ganzi kama ile inayobaki ukitoka kung'oa jino. Daktari mmoja wa masikio, Mungu amjalie, ndiye aliyesema, "Sikio likipungua upande mmoja tu bila sababu, lazima tutazame ndani." Akaniandikia kipimo cha MRI.

Kilichoonekana ni uvimbe wa sentimita 2.7 kwenye mshipa wa fahamu wa usikivu na msawazo, pale unapotoka sikio la ndani kuingia kwenye ubongo. Wanauita akustiki nyuroma; kwenye ripoti wameandika shwanoma ya vestibula. Si saratani, nashukuru. Lakini umeshafika kwenye shina la ubongo na umeanza kulisukuma kidogo, na madaktari wote wawili niliowaona wanasema utolewe.

Shida yangu ni hao wawili.

Wa kwanza yuko kwenye hospitali ninayoweza kuifikia na kurudi siku hiyohiyo. Alikaa nasi karibu saa nzima, mimi na mume wangu. Alichora kichwa kwenye karatasi, akatuonyesha mshipa unaochezesha uso unavyopita ubavuni mwa uvimbe, umelala juu yake umepondeka kama utepe. Akasema, "Nikikuta umenatana sana na uvimbe, nitaacha ganda jembamba pale, kisha tutalifuatilia kwa vipimo." Nilimpenda. Lakini kauli ile haijanitoka. Mtu anakwambia kabla hajaanza kwamba huenda hatamaliza? Isitoshe, muuguzi mmoja alitudokeza kwamba kazi yake kubwa ni majeruhi wa ajali, uti wa mgongo na watoto wenye maji kichwani.

Wa pili ni profesa wa nchi nyingine, jina lake linajulikana. Kaka yangu ndiye aliyempata. Tulizungumza naye kwa video dakika kumi na mbili. Alitazama picha, akasema, "Nitautoa wote." Kaka alipiga makofi palepale. Kwake hiyo ndiyo lugha ya bingwa. Wiki iliyofuata nikasikia ameshauza kiwanja chake kwa ajili ya safari na matibabu yangu, bila kuniuliza, na anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Mume wangu anataka nibaki. Anasema, "Jeraha likianza kuvuja wiki ya tatu, huyo profesa atakuwa wapi?" Kaka anamjibu, "Kichwa hakina spea." Wanabishana juu yangu huku nimekaa katikati yao, na kwa mara ya kwanza maishani nimeshindwa kutafsiri.

Najua jambo la maana ni kumuuliza kila mmoja amewahi kufanya upasuaji kama wangu mara ngapi na wagonjwa wake wakoje. Siwezi, Shangazi. Nililelewa kwamba daktari hahojiwi. Huyu ni mtu atakayefungua kichwa changu, nikimuudhi je? Akiona simwamini, atanishika kwa moyo gani?

Tena kuna hili la mwisho. Watoto wakishalala, nasimama mbele ya kioo na kufanya alama huku nimeulegeza upande wa kushoto wa uso. Kwenye lugha ya alama, uso ni sehemu ya maneno. Nikiinua nyusi ni swali la ndiyo au hapana. Nikizikunja ni swali la nani, wapi, kwa nini. Nikiwa na nusu uso nitakuwa nasema nusu sentensi. Sijamwambia mume wangu wala kaka, kwa sababu naona aibu: mtu ana uvimbe kichwani, naye anawaza sura.

Niende kwa yupi?

Mkalimani


*Shangazi anajibu:*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole pia ya kuzungushwa muda wote ule kwa habari za nta.

Nikusimulie nilichosikia, unirekebishe nikikosea. Umeniuliza uende kwa daktari yupi. Lakini barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa kitita kimoja. La kwanza ni la ufundi: mikono ya nani inaujua uvimbe huu. La pili ni la familia: nani ana haki ya kuamua wakati mmoja ameshauza kiwanja na mwingine ndiye atakayekuuguza. La tatu ulilificha mwisho kabisa, ukaliita aibu, nalo ndilo litakalonichukua muda leo.

Kabla ya kukaa kwenye safu hii nilikuwa muuguzi, na miaka yangu mingi niliimalizia kwenye wodi ya upasuaji wa ubongo. Sikuwahi kushika kisu, kwa hiyo sitakuchagulia daktari. Ila nimewapokea wengi wakitoka chumba cha upasuaji wakiwa na bandeji nyuma ya sikio, na najua swali la kwanza wanalouliza wakizinduka. Wachache sana huuliza kama uvimbe umetoka wote. Wengi huomba kioo.

Basi tuanze na uso. Unauita sura, kama vile ni urembo. Mshipa ule wa uso ndio unaofumba jicho ili lisikauke na kupata kidonda. Ndio unaoshika midomo maji yasichuruzike ukinywa, na unaotamka "p" na "b". Kwako wewe unabeba na sarufi ya lugha unayoifanyia kazi. Mpiga kinanda akimwambia daktari "nahofia vidole vyangu", hakuna atakayemwona anajipenda kupita kiasi. Mimi nadhani hofu hii ndiyo taarifa muhimu kuliko zote katika barua yako, na madaktari wako wote wawili wameshapanga upasuaji bila kuijua.

Sasa nikuombe tuipime upya ile kauli iliyokukaa moyoni, "nitaacha ganda jembamba." Wewe umeisikia kama fundi anayekubali kushindwa mapema. Inawezekana ni hivyo. Inawezekana pia ni kinyume chake kabisa, maana ubishi huu una zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1917 Harvey Cushing, Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa upasuaji wa ubongo wa kisasa, alichapisha kitabu kizima kuhusu uvimbe wa aina yako. Msimamo wake ulikuwa kuukomba ndani na kuliacha ganda, kwa sababu kulibandua kuliua watu. Katika miaka ya 1920 Walter Dandy, aliyewahi kufanya kazi chini yake, akaonyesha kwamba unaweza kutolewa wote. Wawili hao hawakupatana tena. Zama zile kuokoa uhai kulikuwa ushindi tosha, na uso mara nyingi ulikuwa ndio malipo. Mambo yalibadilika miaka ya 1960, William House, daktari wa masikio wa Los Angeles, alipoingiza darubini ya upasuaji kwenye kazi hii na kushirikiana na daktari wa ubongo, ndipo kuunusuru mshipa wa uso kukawa lengo lenyewe.

Siku hizi madaktari wazoefu wengi, wakikuta mshipa umenatana na uvimbe kiasi kwamba kuubandua ni kuuchana, huacha kipande kwa makusudi. Kisha hukifuatilia kwa MRI, na kikianza kukua hukipiga kwa mionzi. Wengine, wazoefu vilevile, wanaamini kwamba mkono uliozoea unaweza kuutoa wote na mshipa ukabaki salama, na hawataki kukuachia kitu cha kukutia wasiwasi miaka mingi ijayo. Kwa hiyo "nitautoa wote" inaweza kuwa kauli ya bingwa kweli, au ya mtu ambaye hajafikiria uso wako. Na "nitaacha ganda" inaweza kuwa busara, au ikawa ya mtu ambaye hajaufanya upasuaji huu mara za kutosha. Kwa kuzisikiliza tu huwezi kuzitofautisha. Kaka yako alipiga makofi mapema mno, na wewe nawe ulikata tamaa mapema mno.

Kinachozitofautisha ni maswali yaleyale unayoyaogopa.

Wewe ukisimama mahakamani kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu asiyekujua, huulizwi umesomea wapi na umefanya kazi hii miaka mingapi? Huapishwi? Je, huwa unakasirika na kutafsiri vibaya ili kumkomoa? Nina hakika hukasiriki. Unajibu ukiwa umenyoosha mgongo, kwa sababu swali lile linalinda haki ya mtu ambaye hawezi kujisemea. Na wewe ukishapewa dawa ya usingizi hutaweza kujisemea. Katika miaka yangu yote wodini, madaktari niliowaheshimu zaidi walikuwa na hesabu yao wenyewe kichwani au kwenye daftari, na mgonjwa akiwauliza walivuta kiti. Aliyekasirika alikuwa amejibu tayari.

Heshima uliyolelewa nayo usiitupe. Itumie. Unaweza kusema: "Daktari, samahani, naomba unisaidie nielewe ili nitulie. Uvimbe wa aina hii hasa, umewahi kuutoa mara ngapi, na mwaka uliopita ulifanya mingapi?" Sisitiza *wa aina hii hasa*. Ubongo ni mkubwa kuliko jina la fani. Kuna bingwa wa kuziba mishipa ya damu iliyofura, kuna bingwa wa kifafa, kuna wa watoto, na mtu anaweza kuwa hodari sana katika kimoja huku hiki chako akikiona mara chache. Upasuaji mgumu wa namna hii kwa kawaida huenda vizuri zaidi pale unapofanyika mara nyingi. Kwa hiyo dokezo la yule muuguzi lisipuuzwe, ingawa nalo si hukumu. Muuguzi wa zamu huiona wodi yake, haoni daktari alijifunzia wapi na kwa nani.

Swali la pili ni la uso, na lina kipimo chake. House mwingine, John, pamoja na mwenzake Derald Brackmann walitoa mwaka 1985 ngazi sita za kupima uso: ya 1 ni uso wa kawaida, ya 6 ni uso usiosogea kabisa. Uliza hivi: "Kati ya wagonjwa wako waliokuwa na uvimbe wa ukubwa kama wangu, wangapi walikuwa ngazi ya 1 au ya 2 baada ya mwaka mmoja?" Mwaka mmoja una sababu yake. Mshipa uliosumbuliwa lakini haukukatika unaweza kuzimia kwanza na kurudi polepole kwa miezi mingi, hivyo picha ya wiki ya kwanza haitoshi. Ukubwa nao una sababu, kwa kuwa matokeo ya uvimbe wa sentimita moja hayakuhusu wewe. Na omba matokeo yake mwenyewe, maana akikupa takwimu za vitabuni amekwambia habari za watu wengine.

Kwa anayesema ataacha ganda: ni mara ngapi ameacha, na lilikua tena kwa wangapi? Kwa anayesema atautoa wote: akifika pale mshipa ulipong'ang'ania atafanya nini, ataendelea au atasimama? Huyu wa pili mpe nafasi ya haki. Dakika kumi na mbili kwa video si dharau, huenda picha zako zilikuwa wazi kwake kama barua. Lakini hajaligusa shavu lako lenye ganzi wala hajakuona ukitembea. Naomba pia uhakikishe alitazama picha zote za MRI kwenye diski na si kurasa mbili za ripoti. Ukweli wa daktari wa karibu nawe usiupime kwa ile saa nzima aliyokupa. Upole unatibu mengi, nimeuona ukitibu, ila mshipa uliopondeka unahitaji na mazoea ya mkono. Nimewahi kufanya kazi na mtu mkavu wa maneno ambaye wagonjwa wake walitoka wakitabasamu pande zote mbili.

Kuna wazo katika barua yako linalonisumbua kidogo, nalo ni la "mikono ya bingwa", linalojificha nyuma ya kila hoja ya kaka yako. Upasuaji huu huchukua saa nyingi, na mikono ni mingi. Kuna daktari wa usingizi. Kuna mtaalamu anayefuatilia mshipa wa uso kwa umeme: wanachomeka sindano nyembamba kwenye misuli ya uso, na kisu kikikaribia mshipa mashine inalia. Uliza kama hicho kipo katika kila hospitali kati ya hizo mbili, maana kwa upasuaji kama wako mimi ningelihesabu ni jambo la lazima. Sehemu nyingi huwa na daktari wa masikio na wa ubongo wanaofanya pamoja. Kisha kuna saa nane ya usiku ule wa kwanza. Nani yuko zamu? Ukianza kusinzia isivyo kawaida, kuna kipimo cha picha kinachofanyika usiku uleule, na kuna daktari anayeweza kukurudisha ndani? Usiku huo ndio unaookoa au kupoteza, na jina kubwa mara nyingi linakuwa limekwenda kulala.

Hapo ndipo mume wako ana hoja. Maji ya ubongo yanaweza kuvuja kupitia jeraha au puani siku au wiki kadhaa baada ya upasuaji, na yakivuja homa ya uti wa mgongo iko jirani. Jicho lisilofumba linahitaji kutunzwa kila siku. Msawazo hurudi kwa mazoezi ya wiki nyingi. Ukienda mbali, ulizia mambo mawili kabla ya kukata tiketi: utakaa huko muda gani baada ya kuruhusiwa, na nani nyumbani amekubali, kwa maandishi na kwa jina lake, kukupokea ukirudi. Na kaka yako ana hoja kuhusu ile siku moja ya chumba cha upasuaji. Nadhani wanabishana kwa sababu kila mmoja analijibu swali lake. Mume anazungumzia wiki ya tatu, kaka anazungumzia saa ya tatu. Tafsiri hiyo unaiweza.

Kiwanja sasa. Ni upendo mkubwa, na hakuna namna ya kuutaja bila moyo kuyumba. Lakini kiwanja kilichouzwa hakiwezi kuwa hoja ya kitabibu. Zungumza na kaka peke yake, umwambie ulivyoguswa, kisha umwombe akubali kwamba fedha ile imetolewa kwa ajili ya matibabu yako popote yatakapofanyika. Kama alimaanisha afya yako, ataumia kidogo na kukubali. Kama hatakubali, ni afadhali ulijue hilo kabla ya kulala mezani kuliko baadaye, uso ukiwa umebadilika na kila mmoja akitafuta wa kulaumu. Kuhusu mwisho wa mwezi: uvimbe wa aina hii aghalabu hukua polepole, kwa wengi milimita moja au mbili kwa mwaka. Wako umeshagusa shina la ubongo, kwa hiyo sikwambii ukae. Nakwambia tarehe aitoe daktari. Waulize wote wawili, "Nina wiki ngapi za kufikiri kwa usalama?"

Nimeona pia kuna mlango ambao hakuna aliyekufungulia, au ulifunguliwa ukasahau kuniambia. Mionzi inayolengwa sehemu moja, Gamma Knife na jamaa zake, wazo lililoanzishwa mwaka 1951 na Lars Leksell, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Sweden. Kichwa hakifunguliwi, na uso kwa kawaida husalimika. Lakini uvimbe hautolewi, unazuiwa kukua. Unaweza kufura kwa muda baada ya tiba, na kwa uvimbe unaokaribia sentimita 3 na kulisukuma shina la ubongo, kufura huko ndiko madaktari wanakokuogopa. Usikivu nao huweza kuendelea kupungua taratibu. Tena ikibidi kupasua baadaye, kazi huwa ngumu zaidi. Inawezekana sana kwamba kwako haifai. Waulize tu kwa nini haifai, na uone wanavyokueleza.

Kuhusu sikio lenyewe, uliza njia watakayopitia. Moja hupita ndani ya sikio la ndani na kumaliza usikivu wa upande huo moja kwa moja, ila humpa daktari nafasi nzuri ya kuuona mshipa wa uso mapema. Nyingine hupita nyuma ya sikio na huacha tumaini la kusikia, ingawa kwa uvimbe wa ukubwa wako tumaini hilo ni dogo. Kama sikio la kushoto tayari halishiki maneno, huenda wewe ungelitoa sadaka ili kuulinda uso, au huenda hungekubali, kwa kuwa bila masikio mawili utapata shida kujua sauti inatoka upande gani mkutanoni. Hakuna mwenye haki ya kukufanyia hesabu hiyo.

Wala njia si mbili tu. Unaweza kumwomba daktari wa karibu akuelekeze kwa mwenzake anayefanya zaidi uvimbe huu, au amwalike wafanye pamoja. Baadhi yao hufurahi kuombwa hivyo. Unaweza kutafuta maoni ya tatu kwa kutuma diski kwenye hospitali yenye kitengo cha magonjwa ya chini ya fuvu. Hatari yake ni kwamba maoni huzaa maoni. Nimewaona watu waliokusanya madaktari sita wakabaki wamesimama njia panda huku mguu mmoja ukianza kukosa nguvu. Kama utatafuta wa tatu, jiwekee mpaka kwamba huyo ndiye wa mwisho.

Wakati unatafakari, mambo haya hayasubiri miadi: kichwa kinachouma zaidi kila asubuhi na kuambatana na kutapika, kuona vitu viwili viwili, kusinzia kupita kawaida, kupaliwa na maji, au mwendo kuharibika ghafla. Likitokea lolote, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata iwe ile isiyo na jina. Gizani tembea na taa na umshike mtu mkono.

Na mume wako mwambie habari za kioo. Leo, kama unaweza. Anapigania wiki ya tatu kwa sababu hajui kwamba mkewe anaogopa mwaka wa tatu, na hawezi kukusindikiza mahali usipomwonyesha.

Kisha ukikutana na kila daktari, kabla ya maswali yote, msimamie mbele, au mbele ya kamera kama ni yule wa mbali. Fanya alama za swali moja la ndiyo au hapana, nyusi zikiwa juu. Rudia alama zilezile huku uso umetulia, na umwambie: "Daktari, la kwanza ni swali, la pili si swali. Tofauti iko kwenye mshipa utakaoushika." Halafu nyamaza, umtazame anafanya nini, kama atauliza zaidi, kama atabadilisha chochote katika mpango wake. Niandikie alichosema.

Shangazi yako